Kumbukumbu Inayosahau: Istilahi na Utatuzi wa Migongano ya Kumbukumbu katika Tarakilishi za Mfumo wa Unix

Utangulizi

Makala haya yanashughulikia tatizo ambalo kwa juujuu ni la mafundi, lakini ndani yake ni la lugha. Mwanafunzi wa Kiswahili anayeandika tasnifu yake kwa tarakilishi ya mezani, awe Maseno, Bondo au katika chumba cha kupanga mtaani Kondele mjini Kisumu, hufikwa na siku ambapo programu anayoitumia inatoweka ghafla mbele ya macho yake. Akimwuliza mwenzake, huambiwa kwamba "kumbukumbu imejaa". Naye hutenda linaloonekana kuwa la busara: hufuta picha, nyimbo na rasimu za zamani ili apate nafasi. Kesho yake programu hutoweka tena, na rasimu zilizofutwa hazirudi.

Mwenzake hakusema uongo. Kumbukumbu ilikuwa imejaa kweli. Ila kumbukumbu iliyojaa siyo ile iliyofutwa. Inadaiwa hapa kwamba sehemu kubwa ya hasara ya namna hii haitokani na uhaba wa mafundi bali na neno moja kubebeshwa vitu vitatu, na kwamba mwanafunzi akitenganisha vitu hivyo kwa maneno ataweza kuutambua ugonjwa wa tarakilishi yake kabla ya kuutafutia dawa. Mifano inatoka katika mifumo ya jamii ya Unix, hususan Linux, kwa kuwa mifumo hiyo hutolewa bila ada ya leseni na huendeshwa hata kwenye mashine kuukuu, na pia kwa sababu huandika waziwazi kilichotokea. Anayejua kusoma hana haja ya kubahatisha.

Neno moja, vitu vitatu

Kumbukumbu ni nomino inayotokana na kitenzi kumbuka. Katika matumizi ya kawaida huashiria jambo linalodumu: huandaliwa kumbukumbu ya marehemu, katibu huandika kumbukumbu za mkutano, na ofisi huwa na chumba cha kumbukumbu. Katika matumizi yote hayo, wazo kuu ni kwamba kitu kimeokolewa kisisahaulike.

Sasa tazama neno hilohilo linapoingia katika tarakilishi. Kwanza, hutumiwa kwa vile vibao vyembamba vya kielektroniki ambamo programu hufanyia kazi yake wakati umeme upo. Pili, hutumiwa kwa diski, mahali faili hukaa hata mashine ikizimwa. Tatu, hutumiwa kwa orodha ya matukio ambayo mfumo huiandika ili fundi aisome baadaye. Kati ya vitu hivi vitatu, cha pili na cha tatu vinalingana na maana ya kawaida ya neno. Cha kwanza kinapingana nayo kabisa, maana umeme ukikatika hakibakishi chochote. Hiyo ndiyo kumbukumbu inayosahau, na ndiyo inayogombaniwa na programu.

Lugha yenyewe tayari ina neno la kusaidia. Hifadhi, lenye asili ya Kiarabu, lina maana ya kuweka kitu kisipotee, na mtu aliyehifadhi Kurani anayo moyoni hata akinyang'anywa msahafu. Neno hilo linafaa diski bila kulazimishwa. Orodha ya matukio inaweza kuitwa daftari la matukio, kama lile la mlinzi wa lango. Kumbukumbu ibakie kwa vibao vya kazi peke yake, si kwa sababu inavifaa sana, bali kwa sababu imekwisha kuzoeleka huko na itakuwa vigumu kuing'oa. Wapo wanaopendelea kumbukizi. Hata hivyo, neno hilo linatumika kwa siku za kuwaenzi waliotangulia, kwa hiyo halipunguzi mkanganyiko. Linauhamisha tu.

Ufuo na ghala

Yeyote aliyepita asubuhi kwenye fuo za Ziwa Viktoria anakojaa omena ataelewa tofauti hii bila maelezo marefu. Omena huvuliwa usiku kwa taa. Kunapokucha, wanawake huwatandaza juu ya nyavu kuukuu chini ya jua. Kazi yote ya kugeuza, kuchagua na kukausha hufanyika pale ufuoni, wala haifanyiki ndani ya gunia. Wakishakauka hutiwa magunia na kupelekwa ghalani. Ghala ni kubwa na ni salama, lakini hakuna awezaye kukausha omena ndani yake.

Ufuo ni kumbukumbu. Ghala ni hifadhi. Mtu akilalamika kwamba hana pa kutandaza omena, hatasaidiwa kwa kuchoma magunia yaliyomo ghalani, na hilo ndilo afanyalo mwanafunzi anayefuta rasimu zake. Mvua ikinyesha ghafla, walio ufuoni huharibika na walio ghalani husalimika. Umeme ulipokatika nchini Kenya usiku wa tarehe 25 Agosti 2023, kila aya iliyokuwa imeandikwa lakini haijahifadhiwa, katika tarakilishi ya mezani isiyo na betri, ilikwenda na mvua hiyo.

Mfano huu una mpaka wake. Ufuoni watu hujuana, hugawana nafasi kwa mazoea na husuluhishwa na kamati ya ufuo. Programu hazijuani. Ndiyo maana waasisi wa Unix, iliyoanzwa mwaka 1969 na Ken Thompson na Dennis Ritchie katika maabara za Bell nchini Marekani, na waliowafuata, waliona haja ya kuwa na msimamizi asiyeepukika. Msimamizi huyo huitwa kiini cha mfumo. Katika Linux, ambayo Linus Torvalds aliianza mwaka 1991, kila programu inayoendeshwa hupewa anwani zake za kumbukumbu na huziona kana kwamba ufuo mzima ni wake. Kiini ndicho kinachojua ni kipande gani halisi cha ufuo kinacholingana na anwani ipi, na kwa kawaida programu moja haiwezi kugusa eneo la nyingine. Ugumu wa kuelewa migongano huanzia hapa: wanaogombana hawaonani, na anayeamua ugomvi huamua kimyakimya.

Mgongano wa kwanza: upungufu

Chukua mwanafunzi anayechunguza matumizi ya viambishi kwa kutumia Kopasi ya Kiswahili ya Helsinki, iliyotokana na juhudi za Arvi Hurskainen wa Chuo Kikuu cha Helsinki. Toleo lake la pili lina takriban maneno milioni 25. Ikiwa kila neno lina wastani wa herufi 5 na nafasi moja baada yake, matini yenyewe, bila maelezo ya kisarufi, ni megabaiti 150 tu. Mwanafunzi hutazama tarakilishi yake yenye gigabaiti 2 za kumbukumbu na kuridhika kwamba nafasi ipo tele.

Kisha huandika programu fupi katika lugha ya Python inayosoma faili yote kwa mkupuo na kuikata neno kwa neno. Ndani ya Python kila neno lililokatwa huwa kitu kinachojitegemea, chenye baiti 50 hivi za maelezo kabla hata ya herufi kuhesabiwa, pamoja na baiti 8 za anwani ya kulifikia. Zidisha kwa milioni 25. Kilichokuwa megabaiti 150 ghalani kimekuwa zaidi ya gigabaiti 1.5 ufuoni, ilhali mfumo wenyewe na kivinjari kilichoachwa wazi vimekwisha kuchukua sehemu yao.

Dalili za upungufu hazifichiki. Kwanza mashine huwa nzito. Taa ya diski huwaka mfululizo. Kipanya huburutwa, kishale kikafuata baadaye. Hapo kiini kimeanza kuhamisha vipande vya kumbukumbu kwenda sehemu ya diski iliyotengwa kwa dharura, sawa na mtu anayekusanya omena wabichi na kuwarundika ghalani ili kumpisha mwingine, kisha kuwatoa tena. Diski ya kuzunguka huchukua milisekunde 10 hivi kufikia data, na kumbukumbu huchukua nanosekunde 100 hivi. Tofauti ni kama mara 100,000. Mashine haijafa, ila inahangaika kati ya ufuo na ghala.

Nafasi hiyo ya dharura nayo ikiisha, kiini huchagua programu ya kuua. Kila programu hupewa alama kwa kadiri inavyotumia kumbukumbu, na yenye alama kubwa huuawa. Kuna jambo hapa linalopaswa kuwasumbua wanafunzi wa isimu na fasihi zaidi ya wengine: programu kubwa kuliko zote mara nyingi ndiyo hasa iliyobeba kazi yao. Aidha, kuuawa huku hutekelezwa kwa ishara namba 9, ambayo programu haiwezi kuikataa wala kuiahirisha. Ipo ishara namba 15, ambayo ni ombi: programu huisikia, huhifadhi kilichopo, hufunga mlango na kuondoka. Namba 9 ni amri, na aliyeuawa kwa amri hiyo hapati hata nafasi ya kuuliza kama kazi ihifadhiwe.

Basi mwanafunzi afanyeje? Aanze na amri "free -m", inayoonyesha hali ya kumbukumbu kwa megabaiti. Katika jedwali litakalojitokeza, safu iliyopewa jina la amri yenyewe huonyesha namba ndogo ya kutisha, pengine 80 au 100, na wengi hukata tamaa hapo. Namba hiyo ni ya kumbukumbu iliyo tupu kabisa. Linux haipendi ufuo ukae bure. Nafasi isiyotumiwa na programu huazimwa kuwekea nakala za yale yaliyosomwa karibuni kutoka diskini, na huachiliwa mara inapohitajika. Namba ya kutegemea ni ya safu ya mwisho, ambayo kiini cha Linux kilianza kuikokotoa mwaka 2014: kumbukumbu inayoweza kutolewa bila kumwumiza yeyote. Kiswahili kinahitaji maneno mawili hapa, tupu na inayopatikana. Mfasiri atakayeandika "huru" kwa zote mbili atamrudisha mwanafunzi kwenye kufuta rasimu.

Baada ya hapo, amri "top" hutaja programu zinazoendeshwa, na kwa kubonya herufi kubwa M orodha hupangwa kwa ukubwa wa kumbukumbu inayoshikwa. Amri "dmesg" hufungua daftari la matukio la kiini, na katika mifumo mingi ya leo huhitaji idhini ya msimamizi. Kama programu iliuawa kwa upungufu, jina na namba yake vimeandikwa humo. Ujumbe huo uko kwa Kiingereza ndani ya msimbo wenyewe wa kiini, wala hautafsiriwi. Mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, uliotoa Jambo OpenOffice mwaka 2004, uliipa programu ya ofisi uso wa Kiswahili: menyu, vitufe na maelezo. Chini ya uso huo, kiini huendelea kuzungumza lugha yake. Kwa bahati nzuri huacha pia namba. Programu ikiendeshwa kutoka kwenye dirisha la amri na ikafa, amri "echo $?" ikiandikwa mara moja baada ya hapo huonyesha namba ya kifo chake. 137 ni 128 kujumlisha 9, yaani iliuawa kwa amri. Namba haihitaji mkalimani.

Dawa ya mwanafunzi wa kopasi haimo dukani. Programu yake isome faili mstari mmoja baada ya mwingine, ihesabu, iuachilie mstari huo, ndipo iendelee na unaofuata. Kumbukumbu itakayohitajika itapungua kutoka gigabaiti hadi megabaiti chache, na matokeo yatakuwa yaleyale. Hata mwanamke wa omena hangojei samaki wote wa ziwa wafike ndipo aanze kukausha.

Mgongano wa pili: uvamizi

Katika mgongano wa pili nafasi ipo, lakini programu imejaribu kugusa anwani isiyopewa. Kiini huizuia na kuituma ishara namba 11. Namba ya kifo huwa 139, na katika dirisha la amri huonekana maneno mafupi yanayohusu kosa la kipande. Dalili zake ni tofauti na za upungufu: mashine haikuwa nzito, taa ya diski haikuhangaika, programu imekatika kama uzi. Mara nyingi hukatika palepale kila mara, kwa faili ileile au kwa kubonya kitufe kilekile.

Kosa la namna hii ni la aliyeandika programu, au la maktaba mbili za msimbo ambazo matoleo yake hayalingani, hasa pale mtumiaji aliponakili programu kutoka mashine nyingine badala ya kuiweka kupitia mfumo wake. Amri "ldd" ikifuatwa na mahali programu ilipo huorodhesha maktaba inazotegemea. Kwa kawaida kuiondoa programu na kuiweka upya kwa njia halali hutosha.

Linalostahili kutazamwa zaidi ni maneno yanayoandamana na ujumbe huo, kwani mara nyingi mfumo huongeza kwamba "core" imemwagwa. Mfasiri asiyejua historia atafungua kamusi, akute kiini, na kuandika "kiini kimetupwa". Msomaji atadhani mfumo mzima umeharibika, kwa kuwa amekwisha kufundishwa kwamba kiini ndicho msimamizi. Ukweli ni kwamba neno hilo la Kiingereza linakumbusha vipete vidogo vya sumaku vilivyofumwa kwenye nyaya, ambavyo ndivyo vilivyokuwa kumbukumbu ya tarakilishi kuanzia miaka ya 1950 hadi ya 1970. Vipete vilitoweka, neno likabaki. Kinachoelezwa ni kwamba picha ya kumbukumbu ya programu iliyokufa imeandikwa diskini ili mtaalamu aichunguze. Tafsiri aminifu ingekuwa "nakala ya kumbukumbu imehifadhiwa", na hapo mwanafunzi angeona mara moja kwamba hakuna kilichotupwa.

Hali kadhalika jina Ubuntu, linalobebwa na mfumo mmoja wa jamii ya Linux uliotolewa mara ya kwanza mwaka 2004, husomwa na wengi kama jina geni, ilhali shina lake ndilo lile la utu katika Kiswahili. Si kila kilicho ndani ya mashine kimetoka mbali.

Mgongano wa tatu: vibao vibovu

Programu zikifa ovyo, leo hii na kesho ile, mara kwa 139, mara mashine nzima ikaganda, na hakuna jambo moja linalorudiwa, lawama iondolewe kwenye programu ielekezwe kwenye vibao vyenyewe. Tarakilishi nyingi za mezani zinazotumiwa na wanafunzi zimepitia mikono mingine kabla yao, na si ajabu kukuta kibao kimoja cha awali na kingine kilichookotwa kwenye mashine iliyokufa. Vibao vya kasi tofauti vinaweza kufanya kazi pamoja, vyote vikifuata mwendo wa kile kizito, lakini wakati mwingine havielewani. Kando ya ziwa kuna pia joto, vumbi, na wale wadudu wadogo wanaokuja kama wingu kutoka majini na kufuata taa. Feni ya mashine iliyo karibu na dirisha hujaa mizoga yao, nayo hewa haipiti.

Kabla ya kununua chochote, mashine izimwe na waya wa umeme uchomolewe. Mtu aguse chuma cha kasha ili umeme tuli utoke mwilini. Kibao kichomolewe, miguu yake ya rangi ya dhahabu isuguliwe taratibu kwa raba safi ya kufutia penseli, masalio yapeperushwe, kisha kirudishwe mpaka vishikizo vyake vilie. Mashine nyingi zilizohesabiwa kuwa zimekufa hufufuka kwa raba.

Ikiwa tatizo litabaki, ipo programu ya bure iitwayo Memtest86+ inayoanzishwa kabla ya mfumo kuamka, maana kumbukumbu haiwezi kupimwa vizuri huku ikitumiwa. Huandika mifumo mbalimbali ya biti katika kila anwani na kuisoma tena. Iachwe usiku kucha. Kosa moja tu latosha kukitilia kibao shaka. Ikiwa vibao ni viwili, kipimwe kimoja baada ya kingine katika nafasi ileile, ili ijulikane kama ubovu ni wa kibao au wa nafasi kilimochomekwa.

Kibao kibovu kikishaondolewa, kazi moja hubaki, nayo husahauliwa na mafundi kwa kuwa tasnifu si yao. Programu zilizokufa ziliacha alama. Lakini kwa muda wote ambao kibao kile kilikuwamo, faili zilipita humo zikielekea diskini, na biti iliyogeuka kumbukumbuni huhifadhiwa kama ilivyogeuka, bila ujumbe wowote. Mchanga ulioingia ufuoni umefungwa ndani ya gunia. Kwa hiyo faili za kipindi hicho zilinganishwe na nakala zilizokuwa nje ya mashine, katika diski ya mkononi au kwa msimamizi wa tasnifu. Amri "cmp" ikifuatwa na majina ya faili mbili hukaa kimya zikiwa sawa, na hutaja baiti ya kwanza zinapotofautiana. Penye tofauti ambayo mwanafunzi mwenyewe hakuiandika, nakala ya zamani ndiyo ya kuaminiwa, na data ya kopasi ipakuliwe upya kabla ya takwimu yoyote kuingizwa katika sura ya matokeo.